Sindromu ya Down haithibitishwi kwa kutazama uso wa mtoto

Mheshimiwa Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie makala iliyochapishwa hivi karibuni katika safu yenu ya afya kuhusu dalili za sindromu ya Down kwa watoto wachanga. Nawashukuru kwa kuigusa mada hii, ambayo mara nyingi huzungumzwa kwa kunong'ona, na najua kwamba mwandishi alikusudia mema. Lakini mimi ni daktari wa watoto, na makala ile iliwaachia wasomaji mawazo mawili ambayo siwezi kuyanyamazia: kwamba sura ya mtoto inatosha kumtambua, na kwamba mtoto akishashukiwa hakuna la kufanya ila kusubiri majibu ya maabara. Yote mawili yana madhara, na la pili linaweza kugharimu uhai.

Chanzo cha hali hii kinajulikana. Daktari Mwingereza John Langdon Down aliieleza mwaka 1866 kwa kutegemea kile alichoweza kukiona, yaani sura na maumbile ya watu aliowahudumia, na ikapita karibu karne nzima kabla ya Jérôme Lejeune, Marthe Gautier na Raymond Turpin kutangaza nchini Ufaransa, mwaka 1959, kwamba watu wenye hali hii wana kromosomu (nyuzi zinazobeba vinasaba ndani ya seli) 47 badala ya 46, na kwamba ile ya ziada ni kromosomu ya 21. Tangu hapo kinachomfanya mtoto aitwe mwenye sindromu ya Down ni nakala hiyo ya tatu. Macho, masikio na viganja ni matokeo yake tu, na matokeo hayo hayafanani kwa watoto wote. Hali hii huonekana kwa takriban mtoto mmoja katika kila watoto 700 hadi 1,000 wanaozaliwa hai, katika mataifa yote na katika kila aina ya familia.

Makala yenu ilianza na macho, ikaishia kwenye kiganja, na ulegevu wa misuli ukatajwa kwa kupitia tu. Mimi ningeanza na ulegevu huo, kwa sababu ndio unaomshtua mkunga mzoefu kabla hata hajautazama uso wa mtoto vizuri. Mtoto mchanga aliyetimiza miezi yake hulala amekunja mikono na miguu. Ukiunyoosha mguu wake na kuuachia, unarudi wenyewe. Mtoto mwenye sindromu ya Down mara nyingi hulala amejiachia, mapaja yamefunguka na kugusa kitanda, na mguu ulionyooshwa hubaki pale ulipowekwa. Ukimshika chini ya makwapa na kumwinua, mabega yake hayakazi, nawe unahisi anateleza kati ya viganja vyako mpaka ulazimike kumdaka upya. Ukimlaza kifudifudi juu ya kiganja, kichwa na miguu huning'inia pande zote mbili kama kanga iliyoanikwa. Viungo vyake hukunjika kupita kiasi, na ule mshtuko wa kawaida wa mtoto mchanga, ambao humfanya atanue mikono ghafla kisha aikusanye kifuani kichwa chake kinapoachiwa kidogo, huwa dhaifu au haupo kabisa. Mambo haya hayaonekani mtoto akiwa amefunikwa shuka na kutazamwa kutoka mlangoni. Yanahitaji avuliwe nguo, ashikwe, ageuzwe, na apewe muda.

Baada ya hapo ndipo macho yetu yanapoingia kazini. Ukimtazama mtoto kwa ubavu utaona kwamba uso ni bapa, kwa kuwa mwanzi wa pua umebonyea na sehemu ya katikati ya uso haikujitokeza. Pembe za nje za macho zimepanda juu kidogo kuliko za ndani, na mara nyingi kuna kikunjo cha ngozi kinachofunika pembe ya ndani. Masikio ni madogo, yamekaa chini kidogo, na ukingo wake wa juu umejikunja. Kisogo ni bapa. Nyuma ya shingo ngozi imezidi na unaweza kuishika kwa vidole viwili ikainuka kwa urahisi. Mdomo ni mdogo na misuli ya ulimi ni milegevu, kwa hiyo ulimi huonekana kutokeza. Wengi hudhani ulimi wenyewe ni mkubwa, ilhali nafasi ndiyo finyu. Mikono ni mipana na mifupi, pingili ya katikati ya kidole cha mwisho ni fupi kiasi cha kukifanya kidole kipinde kwa ndani, na mguuni kuna nafasi pana kati ya kidole gumba na kinachokifuata.

Sasa nifike kwenye ule mstari mmoja unaokatiza kiganja, ambao makala yenu iliuita ushahidi. Mwaka 1966 daktari Bryan Hall alichapisha uchunguzi wake wa watoto wachanga wenye sindromu ya Down, akataja dalili kumi zinazosaidia kuitambua hali hiyo mara tu mtoto anapozaliwa, na orodha yake inafundishwa hadi leo. Katika orodha hiyo uso bapa ulionekana kwa asilimia 90 ya watoto, mshtuko dhaifu kwa asilimia 85, na ulegevu wa misuli, viungo vinavyokunjika kupita kiasi, ngozi iliyozidi shingoni na macho yaliyopanda kwa asilimia 80 kila kimoja. Mstari wa kiganja ulikuwa wa mwisho kabisa, kwa asilimia 45. Maana yake ni kwamba zaidi ya nusu ya watoto wale hawakuwa nao. Kwa upande mwingine, watu kadhaa katika kila mia wasio na tatizo lolote la kromosomu wana mstari huo katika mkono mmoja au yote miwili, na pengine msomaji wa barua hii atafungua kiganja chake auone. Nimewapokea wazazi waliokosa usingizi kwa siku nyingi kwa sababu jirani alikishika kiganja cha mtoto wao akatikisa kichwa. Mtoto alikuwa na misuli imara, uso wa baba yake, na mstari wa bibi yake.

Kilichompa Hall uhakika ni mkusanyiko. Kila mtoto katika uchunguzi wake alikuwa na angalau dalili nne kati ya kumi, na asilimia 89 walikuwa na sita au zaidi. Hivi ndivyo daktari makini anavyofikiri hata leo: dalili moja ni jambo la kuandikwa kwenye faili, dalili mbili zinamtaka amchunguze mtoto upya kwa utulivu, na zikikusanyika zaidi ya hapo ni wajibu wake kuzungumza na wazazi na kuomba kipimo. Kabla ya kufika huko anapaswa pia kuwatazama wazazi wenyewe. Macho yaliyopanda, kikunjo cha ngozi kwenye pembe ya jicho na pua isiyoinuka ni maumbile ya kawaida kwa mamilioni ya watu, na mtoto aliyerithi macho ya mama yake hana dalili yoyote ya ugonjwa.

Hili linanifikisha kwenye kosa la upande wa pili, ambalo linazungumzwa kidogo mno, nalo ni la kumkosa mtoto ambaye kweli anayo hali hii. Vitabu vingi vya tiba vilivyotufundisha vilijaa picha za watoto wa Kizungu, na baadhi ya dalili zilizomo hazijitokezi vilevile kwa watoto wengine. Mfano mzuri ni vile vidoa vyeupe vinavyozunguka sehemu ya jicho yenye rangi, vilivyopewa jina la daktari Brushfield: kwenye jicho la rangi ya samawati huonekana bila shida, lakini kwenye jicho la kahawia iliyokolea ni vigumu kuviona hata kwa tochi. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati naye huwa mlegevu kwa sababu ya uchanga wake, na mtoto aliyevimba uso kutokana na uzazi mgumu huweza kuficha dalili au kuonyesha zisizokuwapo, kwa hiyo inafaa atazamwe tena uvimbe unapokwisha. Kuna pia watoto wachache, asilimia moja au mbili ya wote wenye sindromu ya Down, ambao kromosomu ya ziada imo katika baadhi tu ya seli zao, na kwa baadhi yao dalili ni hafifu kiasi cha kupita miaka kabla ya mtu kuuliza kwa nini mtoto anachelewa kukaa, kutembea au kuzungumza.

Kipimo kinachomaliza ubishi ni kipimo cha kromosomu. Damu kidogo huchukuliwa kwa mtoto, chembe nyeupe hukuzwa maabara mpaka zianze kugawanyika, kisha husimamishwa katikati ya mgawanyiko, wakati kromosomu zinaonekana vizuri kwa darubini, zikapangwa na kuhesabiwa. Kazi hiyo huchukua siku kadhaa, na mara nyingine wiki mbili. Vipo vipimo vya haraka vinavyoweza kuhesabu nakala za kromosomu ya 21 kwa siku moja au mbili, navyo vinafaa sana pale wazazi wanapohitaji jibu upesi, lakini havionyeshi kromosomu hizo zimepangika vipi, na kwa sababu nitakayoieleza mwishoni havipaswi kuchukua nafasi ya kipimo kamili. Vipimo vya wakati wa ujauzito, kama ultrasaundi inayopima maji nyuma ya shingo ya kijusi na damu ya mama inayochunguzwa vinasaba vya mtoto, hutoa makadirio ya uwezekano. Jibu la hakika wakati wa mimba hupatikana kwa kuchukua sampuli ya kondo au ya maji ya uzazi, na hiyo ni mada pana inayostahili makala yake.

Sasa nije kwenye neno lililonifanya nishike kalamu, yaani lile la kusubiri. Kati ya asilimia 40 na 50 ya watoto wenye sindromu ya Down huzaliwa na kasoro ya moyo, na kasoro inayojulikana zaidi ni tundu kubwa katikati ya moyo linalounganisha vyumba vya juu na vya chini. Mtu angetarajia kwamba tundu la namna hiyo litasikika kwa stetoskopu. Mara nyingi halisikiki. Katika siku za mwanzo shinikizo la damu katika mapafu ya mtoto mchanga bado liko juu, pande mbili za moyo zinakaribia kulingana, damu haipiti tunduni kwa kasi, na daktari anayesikiliza kifua anasikia moyo mtulivu. Mtoto ananyonya, rangi yake ni nzuri, anaruhusiwa kwenda nyumbani. Wiki chache baadaye anaanza kutoka jasho akinyonya, anahema haraka, haongezeki uzito, na familia inaambiwa kwamba watoto wa namna hii ndivyo walivyo. Wakati huo mapafu yanapokea damu nyingi kuliko yanavyoweza kuhimili, mishipa yake inaanza kukakamaa, na ikishakakamaa kabisa upasuaji ambao ungemponya hauwezekani tena. Ndiyo maana kila mtoto anayeshukiwa kwa dhati kuwa na sindromu ya Down anapaswa kufanyiwa ultrasaundi ya moyo mapema, hata kama kifua kinasikika vizuri, na bila kungoja maabara imalize kuhesabu kromosomu. Ikigundulika baadaye kwamba hakuwa na sindromu hiyo, hakuna kilichoharibika.

Tumbo nalo halisubiri. Mtoto anayetapika matapishi ya kijani katika siku yake ya kwanza au ya pili huenda utumbo wake mwembamba umeziba mwanzoni, na eksirei ya tumbo ikionyesha mapovu mawili ya hewa jibu limepatikana. Mtoto ambaye hajapata choo chake cha kwanza cheusi ndani ya saa 48 anahitaji kuchunguzwa kama mishipa ya fahamu ya utumbo mpana imekamilika. Sehemu ya siri ya nyuma nayo itazamwe kwa macho, kuhakikisha kwamba ipo na iko wazi. Ni jambo la sekunde chache ambalo husahaulika. Hesabu kamili ya damu ifanywe katika siku za mwanzo, kwa kuwa takriban mtoto mmoja kati ya kumi huwa na chembe nyeupe changa zilizozidi. Kwa wengi hutoweka zenyewe, lakini watoto hao wanapaswa kufuatiliwa kwa sababu baadhi yao hupata saratani ya damu katika miaka michache inayofuata.

Tezi ya thairoidi ndiyo inayonisumbua kuliko vyote hivi, kwa sababu inajificha nyuma ya sindromu yenyewe. Mtoto ambaye tezi hiyo haitoi homoni ya kutosha huwa mlegevu, ulimi umetokeza, anapata choo kwa shida, manjano yake hayaishi, na anachelewa kukua. Soma orodha hiyo tena utaona kwamba karibu kila kitu ndani yake kinaweza kubandikwa kwenye sindromu ya Down, na hivyo ndivyo inavyotokea: daktari ameshapata jina la hali ya mtoto, na kila dalili mpya inaingizwa chini ya jina hilo. Upungufu wa homoni hii hutibika kwa kidonge kimoja kwa siku, na usipotibiwa unaudhuru ubongo wa mtoto ambaye hana akiba ya kupoteza. Damu ipimwe anapozaliwa, irudiwe ndani ya mwaka wa kwanza, kisha kila mwaka maisha yake yote. Kusikia na kuona ni vivyo hivyo. Hadi robo tatu ya watoto hawa hupata tatizo la kusikia la kiwango fulani, mara nyingi kutokana na majimaji yaliyotuama nyuma ya ngoma ya sikio, na mtoto asiyesikia vizuri atachelewa kuzungumza kwa sababu ambayo haihusiani na akili yake.

Makala yenu ilidokeza pia kwamba mtoto mwenye dalili nyingi za nje atakuwa na ulemavu mkubwa zaidi wa akili. Si kweli, na naomba wazazi waliosoma sentensi ile walifahamu hili. Wingi wa dalili usoni na mikononi haupimi uwezo wa mtoto kujifunza, na hakuna daktari anayeweza kumtazama mtoto wa siku mbili akasema kama atasoma, atafanya kazi au atajitegemea. Ninachoweza kusema ni kwamba nchini Marekani mtu mwenye sindromu ya Down alitarajiwa kuishi takriban miaka 25 mwanzoni mwa miaka ya 1980, na leo anatarajiwa kufika karibu miaka 60, na sehemu kubwa ya tofauti hiyo imetokana na mioyo iliyorekebishwa mapema.

Namna ya kuwaambia wazazi ni sehemu ya utambuzi, ingawa vitabu huiweka mwishoni. Waambiwe wote wawili pamoja, faraghani, mapema mara tu shaka inapokuwa ya kweli, mtoto akiwa mikononi mwa mmoja wao na akitajwa kwa jina lake kama ameshapewa. Anayezungumza awaonyeshe kile alichokiona, aseme wazi kwamba ni shaka mpaka damu ithibitishe, na kwanza kabisa awapongeze kwa kupata mtoto. Mama aambiwe, hata kama hajauliza, kwamba hakuna alichokula, alichobeba wala alichowaza kilicholeta jambo hili. Umri wa mama huongeza uwezekano, kutoka takriban mimba moja kati ya 350 akiwa na miaka 35 hadi moja kati ya 100 akiwa na 40, lakini watoto wengi wenye sindromu ya Down huzaliwa na kina mama walio chini ya miaka 35, kwa kuwa hao ndio wanaozaa zaidi.

Kuna swali ambalo wazazi huliuliza baadaye, mara nyingi kwa sauti ya chini: je, mtoto atakayefuata? Hapa ndipo kipimo kamili cha kromosomu kinapohitajika hata kwa mtoto ambaye dalili zake hazina shaka. Takriban asilimia 95 ya watoto hawa wana kromosomu ya 21 ya ziada iliyojitenga, na uwezekano wa jambo hilo kujirudia kwa mama ambaye bado ni kijana ni karibu asilimia moja. Lakini kwa asilimia tatu au nne kromosomu hiyo imejishikiza kwenye nyingine, kwa kawaida ile ya 14, na sura ya mtoto haitofautiani hata kidogo na ya wengine. Katika baadhi ya familia hizo mmoja wa wazazi, akiwa mzima kabisa, anabeba mpangilio huo bila kujua. Mama akiwa ndiye anayeubeba, uwezekano wa kujirudia hufika asilimia 10 hadi 15. Baba akiwa ndiye, ni mdogo zaidi. Kwa hiyo majibu ya mtoto yakionyesha kromosomu iliyojishikiza, baba na mama wapimwe damu, na yule atakayekutwa nao awaarifu kaka na dada zake, ambao huenda nao wanaubeba na hawajaanza kuzaa.

Wako katika huduma,
Daktari wa watoto